Mshika Mawili

Ndugu wasomaji, wanafunzi wa leo na ninyi wenzangu mliokwisha kutoka shuleni: Mhariri ameniomba niandike habari za mtu aliyefaulu maishani, ili vijana wapate mfano. Nimefikiri sana. Watu wengi waliofaulu mimi nimewaona kwa mbali tu, wakipita katika motokaa zao. Basi nimemchagua mmoja ambaye sikupata kumwona kwa macho hata siku moja, lakini habari zake zimefungamana na nyumba yetu ya Walukuba kwa namna ambayo sijapata kuieleza mpaka leo. Mtu huyo ni Geoffrey Oryema, mwigizaji, mwimbaji na mtungaji wa michezo, aliyezaliwa Soroti tarehe 16 Aprili 1953, katika upande huu huu wetu wa mashariki ya Uganda.

Kwanza nieleze kwetu, maana najua wako wanafunzi wanaotoka mbali. Walukuba ni mtaa wa wafanyakazi upande wa mashariki wa mji wa Jinja, karibu na Masese na ziwa. Serikali ilijenga nyumba zile baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati Jinja ilipokuwa ikikua kwa haraka. Bwawa la umeme la Owen Falls, ambalo Malkia Elizabeth alilifungua mwaka 1954, lilivuta viwanda, na viwanda vikavuta watu. Walikuja Wasoga, Wagisu, Wateso, Waganda, Waluo, Waacholi, na wengine kutoka Kenya na Kongo. Ndani ya nyumba kila mtu alikuwa na lugha ya mama yake, lakini bombani tulikuwa na lugha moja tu, Kiswahili. Hakikuwa Kiswahili cha Unguja wala cha Mombasa. Kilikuwa na vumbi la viwandani. Hata hivyo kilitosha kugombana, kuazimana chumvi, na jioni kupatana.

Baba yangu alitoka kwenye miteremko ya mlima Masaba, karibu na Mbale, akaja kufanya kazi katika kiwanda cha nguo. Mimi nilizaliwa Walukuba mwaka 1962, mwaka wa Uhuru. Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa mzee mmoja Mwacholi, aliyekuwa askari zamani za Waingereza, na sasa alikuwa mlinzi wa usiku. Sisi watoto tulimwita Mzee wa Nanga. Nanga si kitu kikubwa cha kutazama. Ni ubao uliochongwa katikati ukawa kama mtumbwi mdogo, na juu yake zimevutwa nyuzi saba. Mpigaji hukaa kitako, huiweka mbele yake, akazichezea nyuzi kwa vidole polepole, kama mtu anayechambua mchele.

Jioni kabla ya kwenda zamu, mzee yule aliketi barazani akapiga nanga, nasi tukamzunguka. Alianza kwa kuimba. Katikati ya wimbo aliingiza hadithi, na katikati ya hadithi alibadilisha sauti: mara ni Sungura, mara ni Fisi, mara ni mke mdogo anayelalamika mahari yake hayakulipwa yote. Wakati mwingine aliiweka nanga chini, akasimama na kuonyesha jinsi chifu alivyotembea akiwa na njaa, tukacheka mpaka mama zetu wakatuita. Tena maneno mengine yalikuwa yake mwenyewe, aliyoyatunga usiku getini kwa bwana wake. Mimi nilimpenda kuliko watu wote isipokuwa wazazi wangu. Alinifundisha nyuzi tatu za kwanza. Nyingine nne alisema nitafundishwa nikikua.

Sikufundishwa. Mwezi Januari 1971 Idi Amin alitwaa nchi, na mwezi Julai mwaka ule ule askari Waacholi na Walangi waliuawa katika kambi za jeshi, na mojawapo ilikuwa kambi ya Jinja. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Usiku mmoja niliamka nikasikia watu wakinong'ona jikoni. Alikuwa Mzee wa Nanga na baba. Asubuhi nyumba yake ilikuwa imefungwa, naye hakuonekana tena. Alikuwa amemwachia baba nanga yake, akamwambia, "Ndugu yangu, nitunzie. Nitaijia." Baba aliifunga katika gunia akaipandisha juu ya dari.

Miaka ikapita, nikaingia shule yetu hii. Wale wa rika langu watakumbuka kwamba tulikuwa na chama cha michezo ya kuigiza. Nilijiunga mara moja. Nilitunga vijimchezo viwili, nikacheza katika vyote viwili, na ilipotakiwa ngoma au gitaa, nilishika mimi. Mwalimu wetu alinisifu mbele ya darasa. Nilifika nyumbani nikamwambia baba kwamba nitakuwa mwigizaji, na mpiga muziki, na mwandishi wa vitabu. Baba alikuwa akila. Alimaliza tonge lake, akanawa mikono, ndipo akasema: "Mwanangu, mshika mawili moja humponyoka. Na wewe unashika matatu." Basi hakusema zaidi. Mimi nami sikumsikiliza, kwa sababu baba akiwa kazini nilikuwa nikipanda darini, nikaiteremsha nanga, nikajifunza mwenyewe ule uzi wa nne.

Sasa nafika kwenye siku ambayo sipendi kuisimulia. Ilikuwa Februari 1977. Redio ilitangaza kwamba Askofu Mkuu Janani Luwum na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa katika ajali ya motokaa. Hakuna aliyeamini, na hakuna aliyethubutu kusema kwamba haamini. Huyu Erinayo Oryema alikuwa Mwacholi, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa polisi wa Uganda, kisha waziri. Baba alizima redio. Alikaa kimya muda mrefu, akitazama juu kwenye dari. Kisha akapanda, akaishusha nanga, akatoka nayo uani. Mimi nilijua. Nilimwambia, "Baba, ni ya mwenyewe ile." Akanijibu, "Mwenyewe hayupo. Wewe upo." Akachukua shoka akaupasua ule ubao vipande vitano, akavitia jikoni. Mama alipikia chakula cha usiku kwa moto ule, tukala.

Msimhukumu upesi, ndugu zangu. Siku zile mtu aliweza kukamatwa kwa jina lake, au kwa kitu kilichoonekana nyumbani mwake. Mwaka ule ule Byron Kawadwa, mtungaji wa michezo na nyimbo aliyekuwa mkuu wa Jumba la Michezo la Taifa mjini Kampala, alichukuliwa akauawa, baada ya kurudi na kikundi chake kutoka kwenye tamasha kubwa la Lagos. Baba alipozisikia habari hizo alinitazama tu. Juma lililofuata nilijitoa katika chama cha michezo. Nilimwambia mwalimu kwamba nina masomo mengi. Nilimaliza shule mwaka 1979, mwaka wa vita, nikapata kazi ya kutunza stoo. Nilifanya kazi moja tu, kama baba alivyotaka, na haikuniponyoka mpaka kiwanda chenyewe kilipokufa.

Lakini mtoto wa yule waziri, naye alikuwa wapi? Habari hizi nilizipata baadaye sana. Geoffrey Oryema alikuwa kijana wa miaka kama 24. Baba yake, pamoja na vyeo vyake vyote, alikuwa mpigaji wa nanga, naye ndiye aliyemfundisha mwanawe. Kijana alijifunza pia gitaa, filimbi, na lukeme, ile ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba. Kisha akasomea uigizaji Kampala, akatunga michezo na kuicheza, akichanganya masimulizi ya wazee na mitindo mipya ya jukwaani. Hapo ndipo baba yake alipouawa. Kijana alitoroshwa akavuka mpaka kuingia Kenya, amejificha katika buti ya motokaa, nyuma kabisa mahali pa kuwekea mizigo. Kutoka Kenya akaenda Ufaransa, akakaa Paris.

Hebu fikirini. Sisi wawili tulisikia tangazo moja la redio. Mimi nilikuwa nimepoteza ubao wa jirani, nikaacha kila kitu. Yeye alikuwa amepoteza baba, nyumba na nchi, naye hakuacha hata kimoja. Mwaka 1990 alitoa sahani yake ya kwanza, iitwayo Exile, yaani Uhamishoni. Ilitolewa na kampuni ya Real World ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, na msimamizi wa kuirekodi alikuwa Brian Eno, fundi mashuhuri wa Uingereza. Mwaka 1993 ikafuata Beat the Border. Mwaka 1994 aliimba Marekani katika tamasha la Woodstock, mbele ya umati ambao ukiuleta Jinja hautapata pa kusimama. Na pale Ufaransa wimbo wake mmoja ulitumiwa kufungua kipindi cha televisheni cha usiku, hata watu wasiojua Acholi iko wapi wakawa wanaupiga mluzi. Aliimba kwa Kiacholi, kwa Kiingereza, na pia kwa Kiswahili chetu hiki.

Mimi nilimsikia mara ya kwanza mwaka 1992, mjini Mbale. Ulikuwa mwaka wa tohara, na nilikwenda kwa wajomba kumsindikiza kijana wetu. Barabara zilijaa ngoma za kadodi na vijana waliopakwa unga. Nikaingia katika duka moja la kanda ili nipumzike na makelele, na mle ndani mwenye duka alikuwa akipiga kanda moja kwa sauti ya chini. Nilisimama. Kabla sijasikia sauti ya mwimbaji nilisikia uzi wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, kisha ule wa nne niliojifunza kwa wizi. Ndugu zangu, nilikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, nikashika meza ya yule bwana nisianguke. Nilimwuliza, "Nani huyu?" Akaniambia jina. Nilinunua ile kanda kwa fedha ya nauli, nikaazima nyingine ya kurudia Jinja.

Wakati huo baba alikuwa amestaafu, amerudi kijijini. Nikampelekea kanda jioni ile ile, pamoja na redio ya jirani. Nilimwekea bila kumweleza neno. Alisikiliza upande mzima mpaka kanda ikajizima yenyewe. Akaniuliza, "Huyu ni mtoto wa yule?" Nikasema, "Ndiye." Akanyamaza. Baada ya muda akasema, kama mtu anayejisemea peke yake, "Ubao ule ulikuwa mkavu sana. Uliwaka upesi." Ndilo neno la pekee alilopata kusema juu ya jambo lile mpaka alipofariki. Mimi nimelihesabu kuwa ni kuomba radhi, ingawa hakuniambia mimi, na anayestahili kuambiwa hakuwapo.

Tangu siku ile nimeitafakari mithali ya baba. Ni mithali ya kweli. Mtu akishika kamba mbili zinazovuta huku na huku, moja itamponyoka. Lakini nauliza: je, kuimba, kuigiza na kutunga ni kamba mbili, au tatu? Namkumbuka Mzee wa Nanga barazani pake. Hakuwa na kazi tatu. Alikuwa na hadithi moja, na hadithi ile ilipotaka wimbo aliimba, ilipotaka Fisi alikuwa Fisi, ilipotaka maneno mapya alitunga. Sisi wasomi ndio tuliokuja kuikata ile kazi vipande, tukavipa kila kimoja jina lake, kisha tukamshangaa mtu anayeweza vyote. Oryema alichukua uhamishoni kitu kizima kama alivyokipokea.

Wala hakuwa peke yake. Katika Uganda yetu wako wengine wa namna hiyo. Okot p'Bitek wa Gulu alikuwa mchezaji mpira wa timu ya taifa. Mwaka 1956 alikwenda Uingereza na timu, na timu iliporudi yeye alibaki kusoma. Akasomea ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, na elimu ya mila za watu Oxford. Huyo huyo ndiye aliyetunga utenzi wa Lawino uliotoka kwa Kiingereza mwaka 1966, na aliongoza Jumba la Michezo la Taifa. Robert Serumaga alisomea uchumi Dublin, akaandika riwaya iliyotoka mwaka 1969, akatunga michezo na kuicheza mwenyewe, akasafiri na kikundi chake nchi za nje, kisha akaingia katika mapambano ya kumwondoa Amin, na mwaka 1979 akawa waziri kwa muda mfupi. Alifariki Nairobi mwaka 1980.

Mtaona pia kwamba sikuwaletea hadithi ya asali tupu. Okot alifukuzwa kazini akakaa nchi za watu miaka mingi. Kawadwa aliuawa. Oryema alikaa nje karibu miaka 40. Aliporudi kuimba Kampala ilikuwa Desemba 2016, naye ni mtu wa miaka 63. Tarehe 22 Juni 2018 alifariki Ufaransa kwa ugonjwa wa saratani. Baba yangu hakuwa mjinga kuogopa. Alijua bei. Alichokosa ni kimoja tu: alidhani kuacha hakuna bei.

Sasa nieleze kwa nini naandika mwaka huu na si mwaka mwingine. Mjukuu wangu anasoma hapa, katika shule hii. Muhula uliopita alikuja nyumbani Walukuba na karatasi ya kuchagua masomo, maana siku hizi sanaa za maonyesho ni somo kamili, lina mtihani wake. Alikuwa amelitia alama. Akaniambia, kwa furaha, kwamba anataka kuigiza, na kuimba, na kuandika. Mimi nilikuwa nakula. Nikamaliza tonge langu, nikanawa mikono, na kabla sijajizuia nikasikia kinywa changu kikisema, "Mjukuu wangu, mshika mawili moja humponyoka."

Akainama, akachukua raba, akaanza kufuta ile alama.

Sitawaficha: nilitetemeka. Sauti ile ilikuwa ya baba, tena bila sababu aliyokuwa nayo baba. Baba aliogopa askari. Mimi niliogopa nini? Nadhani niliogopa kwamba huyu mtoto ataweza, na hapo nitajua kwamba hata mimi ningaliweza. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Ngoja. Usifute." Nikamweleza yote niliyowaeleza ninyi hapa, tangu baraza la Mzee wa Nanga mpaka shoka. Alisikiliza, halafu akaniuliza swali moja ambalo sikulitazamia: "Babu, ule uzi wa nne bado unaukumbuka?"

Nikamwonyesha juu ya meza, kwa vidole vitupu. Naukumbuka.

Baada ya hapo tulikwenda kwa seremala wa hapa mtaani, tukapata ubao wa mvule. Tumeuchonga pamoja kwa majuma sita, yeye akiwa likizo. Si mzuri sana. Upande mmoja ni mnene kuliko mwingine, na kosa hilo ni langu. Nyuzi tumezivuta zote saba. Nne nazijua. Tatu zilizobaki hatujui zifungwe kwa sauti gani. Tumejaribu kusikiliza kanda, lakini masikio yangu yamezeeka na kanda nayo imezeeka.

Kwa hiyo namaliza kwa maombi mawili. Kwenu wanafunzi: mkiwa na kazi mnayoipenda, itazameni vizuri kabla hamjakubali kwamba ni kazi tatu, na mkiambiwa hivyo na mzee, mwulizeni kwa adabu yeye aliacha nini. Na kwenu wenzangu wa zamani, hasa mnaotoka Gulu, Kitgum na Anaka: kama kuna mmoja wenu anayejua kufunga nyuzi za nanga, na amwandikie Mhariri, nasi tutamjia popote alipo kwa gharama zetu.

Tena, kama yumo kati yenu mtoto au mjukuu wa yule mlinzi wa usiku aliyeondoka Walukuba mwezi Julai 1971, na ajue kwamba chombo cha mzee wake hatukukitunza. Tulikiunguza. Tunaye mtoto hapa anayejifunza juu ya kingine, na hicho ni chenu mkikijia.